Python Tumejifunza. Swichi Iko kwa Nani?

Kuna swali moja halijaulizwa kwenye mafunzo yoyote ya kompyuta ambayo vijana wa grupu hili tumepitia, na tumepitia mengi: nani ana uwezo wa kuzima? Hatusemi kuzima laptopu. Tunasema kuzima intaneti ya nchi nzima, kufunga laini ya simu ya mtu, kuondoa jina lako kwenye orodha bila mtu kukueleza kwa nini. Kuwasha tumefundishwa. Kuwasha tunajua sana.

Andiko hili litawaudhi watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakubwa zetu wa mashirika, ambao wanahangaika kututafutia mafunzo, na tunawaheshimu kwa hilo. Wa pili ni vijana wenzetu ambao wameshaweka cheti kwenye status na hawataki kusikia kwamba walifundishwa nusu. Vumilieni, someni mpaka mwisho, halafu mtujibu humu humu. Matusi admini atafuta.

Tunaandika tukiwa Nyarutarama. Kwa wasioijua Kigali, huu ni mtaa wa wenye nazo, upande wa Gasabo: uwanja wa gofu, majumba yenye ukuta mrefu, mabalozi, mikahawa ambayo kikombe kimoja cha kahawa kinakufanya upige hesabu mara mbili. Jengo la MTN Centre pia lilijengwa huku. Mashirika yanapenda kutuletea mafunzo huku kwa sababu intaneti haisumbui na viti vinazunguka. Wengine wetu tunatoka mjini hapa hapa, wengine tunapanda basi kutoka Mahama, Nyabiheke, Kiziba, tunashuka Remera, tunamalizia kwa moto kama nauli imerudishwa, kwa mguu kama haijarudishwa. Mpaka 2022, bondeni kulikuwa na Kangondo na Kibiraro, mahali watu walipaita Bannyahe, halafu wakazi wakahamishiwa Busanza. Tunataja kwa sababu kila hakatoni ya huku inaanza na slaidi ya “matatizo ya jamii”, na hatujaona hata slaidi moja inayouliza matatizo ya ile jamii ya bondeni yaliamuliwa na nani.

Mafunzo yenyewe mnayajua. Wiki ya kwanza fulana na daftari. Mwalimu ni kijana mzuri, anachekesha, anaitwa kaka na kila mtu. HTML, halafu Python, halafu mnagawanywa kwenye timu. Wiki ya mwisho mnasimama mbele ya watu wenye suti kuuza wazo lenu kwa dakika tatu, na swali ni lile lile: pesa itaingiaje? Timu moja imetengeneza apu ya kutafuta vibarua, nyingine apu ya kuripoti bomba la maji lililoharibika, nyingine apu ya kuuza vitenge. Makofi. Picha, mkimbizi akiwa katikati, laptopu ikiwa wazi. Cheti. Baada ya miezi miwili hakuna apu hata moja inayofunguka, maana hakuna anayelipia seva, na lile bomba la maji liko vile vile.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kodingi ni kazi ya bure. Kuna vijana Mahama wanatengeneza simu na wanakula, kuna dada zetu wanaandika barua na kuchapisha karatasi kwa kompyuta moja na wanalipia watoto shule. Ufundi ni ufundi, una heshima yake. Ugomvi wetu ni na ile imani kwamba mtu akishajua kutumia kifaa basi ameshakuwa huru. Yaani eti tatizo la mkimbizi ni kwamba hajui Python.

Turudi kwenye swichi, na tuanzie nyumbani.

Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilirudi karibu siku ishirini baadaye, Januari 2019 ikiwa inaelekea mwisho. Serikali ilieleza kwamba inazuia matokeo ya uongo yasienee kabla ya tume ya uchaguzi kutangaza yake. Siku hizo kila aliyekuwa na mama Goma au kaka Bukavu alikuwa anaangalia ile alama moja ya WhatsApp ambayo haitaki kuwa mbili. Goma, watu walisogea mpakani wakaweka laini za Rwanda, wakashika mtandao wa Gisenyi. Hiyo ni akili, na hakuna shirika lililowafundisha. Lakini mtu wa Kindu? Yeye mpaka wa kusogelea hana.

Sasa muulize kijana aliyemaliza mafunzo ya mitandao: waliizimaje? Atakuambia habari za ruta na anwani za IP. Ni kweli, kuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akabonyeza. Lakini huyo alibonyeza kwa sababu aliambiwa abonyeze. Kampuni ya simu inafanya kazi kwa leseni, leseni inatoka serikalini, na sheria ya mawasiliano ya Kongo ya mwaka 2002 iliipa serikali nafasi ya kusimamisha mawasiliano kwa sababu za usalama. Amri ikaja, kampuni zikatii. Hakuna mtu alikata waya kwa panga. Swichi ilikuwa karatasi.

Ndugu zetu Warundi wana yao. Mwisho wa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu yalipoanza Bujumbura, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilifungwa kwenye simu. Wengi wa Mahama walivuka mpaka miezi ile ile. Ndipo watu walipojifunza neno VPN, na mpaka leo kuna vijana wanaamini VPN ni dawa ya kila kitu. Kwenye mafunzo pia tumewahi kuambiwa hivyo, kwa dakika tano, mwishoni, kama siri. Basi tazameni Uganda. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook na ndugu zake. Watu wakakimbilia VPN, na ikafanya kazi, maana kilichofungwa kilikuwa mlango mmoja mmoja. Januari 2021, jioni ya tarehe 13, kesho yake ikiwa uchaguzi, ilizimwa intaneti yenyewe, na VPN ikabaki picha kwenye simu. VPN inakupitisha pembeni ya ukuta. Barabara ikiondolewa, hakuna pembeni.

Halafu kuna Zimbabwe, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Ilikuwa Januari 2019 ile ile ambayo Kongo ilikuwa gizani. Bei ya mafuta ilipanda, watu wakaandamana, intaneti ikazimwa. Harare ina mainjinia wengi, wasomi hasa. Lakini waliokwenda kuidai intaneti walikuwa wanasheria wa haki za binadamu pamoja na MISA, shirika la kutetea vyombo vya habari. Walikwenda Mahakama Kuu na swali la kawaida kabisa: waziri aliyetoa amri hii, sheria inamtaja yeye? Tarehe 21 Januari jaji akasema hapana, waziri huyo hakuwa na mamlaka hayo chini ya sheria aliyoitumia. Intaneti ikarudi. Waliofanya hivyo hawakuandika hata mstari mmoja wa Python. Walisoma sheria mstari kwa mstari, wakauliza nani alitia saini.

Hatusemi mahakama za kila nchi zitafanya hivyo. Tunasema ule ujuzi wa kuuliza “nani alitia saini, na kwa kifungu gani” ni ujuzi wa teknolojia, na haumo kwenye ratiba zetu za mafunzo.

Kuna mfano wa karibu zaidi, hapa hapa Kigali. Redio za Burundi zilipofungwa na kuharibiwa mwaka 2015, waandishi wengi walikimbilia Rwanda. Wakaanza upya kwa intaneti: Radio Inzamba, RPA, Renaissance. Taarifa zilirekodiwa, zikatumwa, zikasikilizwa kwenye simu mpaka vijijini Burundi. Kila mkufunzi wa inovesheni angewapa zawadi: hawana mnara, hawana leseni ya masafa, wana simu tu, na nchi nzima inawasikiliza. Machi 2021, wakati Kigali na Bujumbura walipokuwa wanarudisha uhusiano, vituo hivyo vitatu viliacha kutangaza kutoka Rwanda. Intaneti ya Kigali haikuzimwa hata sekunde moja. Simu zilikuwa zile zile, ufundi ulikuwa ule ule. Majirani wawili walikuwa wanapatana, basi. Tunaelewa kwamba amani kati ya nchi mbili ni jambo kubwa, nani hataki. Lakini anayewaambia vijana wakimbizi kwamba simu inampa kila mtu sauti, awasimulie na hiyo.

Sasa tuje kambini, maana kuna watakaosema hayo ni mambo ya marais, sisi tunatafuta mkate.

Mei 2021 posho ya chakula kwenye kambi za Rwanda ilibadilika. Zamani watu wote kambini walipata sawa. Tangu hapo UNHCR na WFP waligawa familia makundi matatu: walio hatarini sana, walio hatarini kiasi, na wasio hatarini. Kundi la kwanza lilipewa posho kubwa, la pili kama nusu yake, la tatu halikupewa posho ya chakula. Sababu ilitajwa wazi: pesa za wafadhili zimepungua, aanze mwenye shida zaidi. Juu ya hesabu ya pesa hatubishi. Lakini familia inaingiaje kundi hili au lile? Kuna taarifa za nyumba: watu wangapi, umri wao, nani mgonjwa, nani ana ulemavu, nani anaweza kufanya kazi. Taarifa zinaingia, masharti yanapigwa, kundi linatoka.

Ndugu, hiyo ni programu. Ni ile ile “ikiwa hivi, fanya hivi, vinginevyo fanya vile” tuliyofundishwa wiki ya tatu. Tofauti ni kwamba ile ya wiki ya tatu ilikuwa inatafuta kama namba ni shufwa au witiri, na hii inaamua unga.

Basi hebu fikirini. Kambi nzima inaishi ndani ya “ikiwa” na “vinginevyo”. Kuna vijana thelathini ambao wamefundishwa kusoma “ikiwa” na “vinginevyo”. Na vijana hao wanapelekwa Nyarutarama kutengeneza apu ya kuagiza chakula cha mkahawani! Mama akiuliza “mwanangu, walipima nini mpaka nikawa kundi la pili?”, mtu wa kwanza kumjibu angepaswa kuwa huyo kijana mwenye cheti. Angekaa naye chini, angemwonyesha: hapa wameandika mtoto wako mkubwa ana miaka 19, wakati ana 16, turekebishe hapa, rufaa inaandikwa hivi. Hiyo ingekuwa sayansi ya kompyuta. Tungevaa na fulana.

Badala yake tumezoea neno moja: mfumo umekataa. Dukani kwa laini za simu, benki, kila dirisha: mfumo umekataa. Mtu anainama anaondoka, kama vile mfumo ni mvua. Mfumo umeandikwa na mtu. Ana jina, ana ofisi, anakula mchana. Jambo la kwanza ambalo elimu ya kompyuta ingetupa ni kutoamini kabisa kwamba mfumo umekataa, kuuliza sharti gani limekataa na nani aliliweka. Mfundi wa kweli hana heshima na mashine. Tunayoona kwetu ni kinyume: kadiri mtu anavyofundishwa zaidi ndivyo anavyozidi kusema “mfumo” kwa sauti ya chini.

Na kidole gumba je? Kila mmoja wetu ameweka vidole vyake kwenye mashine, na macho, na picha, zaidi ya mara moja. Tunaweka bila kuuliza kwa sababu foleni ni ndefu na mtoto analia. Waulizeni watu wa Garissa, Kenya. Baada ya Somalia kuanguka 1991, kambi za Dadaab zilijaa, na kwenye miaka ya ukame Wakenya wa pale pale, wenye asili ya Kisomali, maskini kama wakimbizi, walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi. Wakafika umri wa kuchukua kitambulisho, wakaweka kidole, kompyuta ikajibu: wewe ni mkimbizi. Kwenye nchi yao wenyewe. Watetezi wa haki wanakadiria watu kama 40,000. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna chuo, hakuna kazi ya maana. Kidole kilichowekwa kwa ajili ya mahindi ndicho kilichowafungia mlango.

Bangladesh pia. Juni 2021 Human Rights Watch ilitoa ripoti kwamba taarifa za Warohingya zilizokusanywa kwenye uandikishaji wa pamoja wa UNHCR na serikali ya Bangladesh zilipelekwa na Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, yaani kwa wale wale waliowakimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuulizwa. Wakimbizi waliohojiwa kwenye ripoti hiyo wengi walisema hawakuelezwa. Sisi hatukuwepo, hatuhukumu. Tunajua tu foleni inavyokuwa.

Na hapa ndipo panatuuma zaidi, maana haki zipo, zimeandikwa. UNHCR ina sera yake ya kulinda taarifa za watu inaowahudumia, ya Mei 2015. Ndani yake mkimbizi ana haki ya kuelezwa taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, kuomba zirekebishwe, kupinga. Rwanda nayo ina sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, juu ya taarifa binafsi na faragha, na ni sheria nzuri, tunasema bila kulazimishwa. Inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake, kusahihisha, kufutiwa, na imetaja hata haki ya kutoamuliwa mambo yako na mashine peke yake. Wakubwa zetu watasema mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga yao, sheria ya nchi haiwagusi vile vile. Sawa. Ndiyo maana tumetaja zote mbili. Lakini shirika dogo lenye ofisi Kigali, linalotupiga picha, linalotujazisha fomu ya kurasa nne mpaka kabila na idadi ya ng'ombe tulioacha, hilo kinga hiyo linatoa wapi?

Kati ya vijana wote wa grupu tuliowauliza, hakuna aliyewahi kusikia hiyo sera wala hiyo sheria kwenye mafunzo ya kompyuta. Hakuna. Wamesikia Elon Musk.

Tunajua jibu litakalokuja, maana tumeshalisikia mara nyingi, kwa upole: “Vijana, hayo ni siasa. Mkimbizi asiingie siasa. Pateni kazi kwanza.”

Tuanze na kazi. Januari 2023 gazeti la TIME liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wanafanya kazi kwa kampuni ya Sama, wakisoma na kuweka alama kwenye maandishi ya kutisha, mauaji, watoto kunajisiwa, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Malipo yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Hao walikuwa na kila tunachoahidiwa sisi: kompyuta, Kiingereza, ofisi, “kazi ya dijitali”. Walichokosa hakikuwa ujuzi wa kubonyeza. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo, wa kampuni mbalimbali, walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao, na wengine walikwenda mahakamani na Meta. Kwa hiyo mtu akituambia kazi kwanza, haki baadaye, tunamuuliza: mkataba tunausoma lini, kabla ya kutia saini au baada ya kuanza kuota ndoto mbaya?

Na siasa. Hapa tunatembea polepole. Januari 2018 posho ilikatwa asilimia 25. Februari wakimbizi wa Kiziba walitoka kambini wakaenda kukaa mbele ya ofisi ya UNHCR mjini Karongi. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Wengine walikamatwa, na kati ya mashtaka lilikuwemo la kueneza habari za uongo. Tunaishia hapo. Tuko wageni, na mgeni anajua mahali pa kuishia.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo tunasema kutufundisha simu bila kutufundisha sheria ni kutuweka hatarini. Agosti 2018 Rwanda ilipitisha sheria namba 60/2018 ya makosa ya mtandao. Ndani yake, mtu anayesambaza kwa makusudi uvumi unaoweza kuleta hofu au vurugu, au kumwondolea mtu heshima yake, anaweza kufungwa miaka mitatu mpaka mitano na kulipa faini ya mamilioni. Huenda wewe msomaji ulishawahi kuforwadi voisi usiyojua imetoka wapi. Kijana wa miaka 17 anapewa simu janja, anaambiwa “wewe ni balozi wa dijitali, sambaza taarifa kwenye jamii yako”, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna sheria inayoangalia anachosambaza. Hiyo ni kama kumpa mtoto moto wa babake bila kumwonyesha breki, halafu kumpigia makofi anavyokimbia.

Kwa hiyo nani anaingiza nani kwenye siasa? Kumfundisha mtu sheria ya nchi anayoishi ni adabu ya kawaida ya mwenyeji na mgeni. Nyumbani kwetu mgeni akifika anaonyeshwa choo kiko wapi na mbwa amefungwa wapi.

Tunachotaka si kikubwa. Mafunzo ya wiki kumi na mbili, mtupe wiki mbili ambazo hazina laptopu kabisa. Mtu wa msaada wa kisheria aje, wako wengi Kigali, akae na sisi na maandishi ya sheria hizo mezani. Tusome mkataba mmoja wa kazi ya mtandaoni mpaka herufi ndogo za chini. Tusome masharti ya kampuni ya simu juu ya kufunga laini. Kila fomu mnayotujazisha, kuanzia ile ya kuomba fulana, iandikwe chini: taarifa hizi zinakaa wapi, mpaka lini, nani mwingine anaziona, ukitaka zifutwe mpigie nani. Kama hamuwezi kujaza mistari hiyo, basi msikusanye. Na yale masharti ya makundi matatu, yaandikwe kwa lugha tunayoelewa na kubandikwa penye ubao wa matangazo, mahali mnapobandika tarehe za chanjo. Mtu akituambia watu watadanganya wakiyajua, tunamwambia watu tayari wanakisia, na kukisia ndiko kunakoleta uongo mwingi.

Kwa lugha tunayoelewa, tunarudia. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Gazeti la serikali linatoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Wakongomani wengi wa kambini wanaongea Kinyarwanda, sawa, lakini wako wa Uvira, wa Fizi, wa Bunia, ambao Kinyarwanda cha sheria kinawapita, na Kiingereza chake kinawapita mara mbili.

Kwa hiyo hatukusubiri. Sehemu ya haki za mwenye taarifa, kwenye ile sheria ya 2021, tumeanza kuitafsiri sisi wenyewe, watu watano, laptopu moja na kamusi mbili. Tumebishana wiki nzima juu ya neno moja. Wengine wameandika “ridhaa”. Wa Bukavu wanasema mama zetu hawatumii hilo neno, iandikwe “kukubali bila kulazimishwa”, hata kama ni refu. Bado hatujaamua. Jumamosi saa nane mchana tunakutana tena, baada ya mafunzo, chini ya ule mti wa nje ya geti kwa sababu ukumbi unafungwa saa saba. Anayejua Kifaransa cha sheria aje. Na aliyewahi kuandikiwa rufaa ya kundi akashinda, alete karatasi yake tuone waliandika nini, jina atalifunika kwa kidole.